Inhela Si Ugoro

Usijifanye hukuona. Kasyoka alipokatika pumzi katikati ya wimbo, pale kanisani Kalama, kifua kikilia kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta, wewe ulikuwepo. Na kama hukuwepo Kalama, ulikuwepo kwenu, maana kila kanisa lina Kasyoka wake. Ulifanya nini? Ulikiinamia kitabu cha nyimbo ukakisoma kwa bidii ambayo hukuionyesha hata siku ya mtihani. Ukakohoa kidogo, kwa adabu, ukangoja yaishe.

Basi leo hugeuzi uso. Kaa hapo usikie.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Wakubwa walikwisha kuzisahau, maana kwao zilinyesha juu ya mabati. Kasyoka hakuzisahau. Zilishuka na shamba lake, matuta na mbaazi na udongo wote mweusi, zikawapelekea watu wa mtoni wasiojua hata kusema asante. Zikamwachia mawe. Sasa mvua za vuli zilikuwa zinakaribia tena, na matuta yasipochimbwa, hata hayo mawe yangeondoka.

Huku kwetu mtu hachimbi matuta peke yake. Kuna mwethya: kikundi kinachofanya kazi kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Kasyoka alikuwa amechimba kwa kila mtu, tena si kuchimba tu, yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Anatoa, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Bila mwimbishaji, mwethya ni mkutano wa watu walioshika majembe wakisengenya. Zamu yake mwenyewe sasa ilikuwa imefika, pamoja na vumbi la Oktoba, na kifua chake kilikuwa kimeanza kulia.

Zahanati ilikuwepo. Ilijengwa kwa harambee, na mawe yake Kasyoka aliyabeba kwa mgongo. Lakini alipokwenda kuomba inhela ya pumu alipewa vidonge vya kichwa, kwa sababu hakuna dawa iliyoagizwa bila kibali cha mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti alikuwa Mzee Mwangangi.

Mwangangi hakuwa na pumu. Alikuwa na pua. Mahindi yakichanua tu, alipiga chafya mpaka kofia inamwangukia mbuzi. Alikuwa amepewa mjini dawa ya kupuliza puani, ikamsaidia, na tangu siku hiyo akawa bingwa wa viungo vyote kuanzia shingo kwenda juu na kushuka chini.

"Chairman, inhela ziko wapi?" Kasyoka alimuuliza siku ya kliniki, mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Inhela za nini, Mama Nzomo? Mimi niko na hii." Akatoa kichupa chake mfukoni kama askari anayetoa kitambulisho.

"Hiyo ni ya pua."

"Na hewa inaingilia wapi? Kwa sikio? Soma Mwanzo, mama. Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai puani. Puani! Hakumwambia afungue mdomo."

"Adamu hakuwa na pumu."

"Ni kwa sababu alianzwa vizuri!"

Kavutha, rafiki yake Kasyoka, mwanamke wa maneno makali na ugoro mkali zaidi, alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani. "Chairman, si hiyo dawa ndiyo ilikutoa damu puani siku ya maombi? Sisi tulidhani Wanza amekupiga ngumi."

"Ningempiga," alisema Wanza, mke wa mzee, bila kuinua macho kwenye kiondo alichokuwa akisuka, "hangesimama kuomba."

"Pua ilikauka tu kidogo," alijitetea Mwangangi. "Lakini hiyo inhela ya bluu ya Mama Nzomo! Kwa matanga ya Muema alivuta, mikono ikatetemeka, akamwagia pasta chai kwa paja."

"Nilitetemeka nikiwa hai," alisema Kasyoka. "Paja la pasta lilipona."

"Na ile ya kahawia? Mdomo ulijaa utando mweupe kama maziwa yameganda, na sauti ikawa ya beberu. Tuliimba Jumapili mbili tukiongozwa na beberu!"

Hilo lilikuwa kweli. Muuguzi, Sista Linet, alikuwa amemwambia Kasyoka: ya bluu ni ya kukifungua kifua kikifunga, ya kahawia ni ya kila siku, ya kuzuia, ukishavuta, sukutua kwa maji, uteme. Uteme! Maji aliyoyabeba kutoka mtoni kwa mgongo, mlima mzima, ayatie mdomoni na kuyatema chini? Alimeza dawa na maneno ya sista pamoja. Nionyeshe mtu wa Kalama ambaye angetema.

Linet alitoa kichwa dirishani. "Mmemaliza kuhubiri? Ya pua inatibu pua. Ya kuvuta kwa mdomo inashuka kifuani. Kuna wanaohitaji zote mbili, kwa sababu pua ikichafuka, inakichokoza kifua. Lakini kifua kikifunga, Chairman, hiyo yako haitakifungua. Nimekuomba uweke sahihi tuagize inhela. Utaweka lini?"

"Lazima kamati ijadili."

"Kamati ni nani?"

"Ni mimi," alisema Mwangangi, "lakini lazima nijadiliane."

Kasyoka akaenda mjini Machakos mwenyewe, akarudi na inhela ya bluu. Moja. Akaifunga kwenye pindo la leso.

Siku ya mwethya ilifika. Sasa lazima ujue sheria. Kinachoingia shambani siku ya mwethya ni cha wote: uji, maji, ugoro. Kichupa cha ugoro kinapita mkono hadi mkono, na atakayejificha kula au kunusa peke yake anatozwa kuku. Na mtu aliyeishika sheria hii kwa ukali kuliko wote alikuwa Kasyoka. Mwaka wa njaa ya mahindi ya manjano alimtoza Kavutha kuku kwa ajili ya kiazi kitamu kimoja, kilichopoa, kilichokutwa kwenye kanga. Miaka ilipita, serikali ikaruhusu vyama vingi, mvua zikachukua mashamba, lakini Kavutha hakusahau.

Kwa hiyo Kasyoka alipoona vumbi linaanza kupanda, akawapa watu mgongo, akatoa inhela, akavuta. Sauti ya "fss" ikasikika.

"Aiya!" Kavutha alitupa jembe. "Mwimbishaji ananusa peke yake!"

"Hii ni dawa, Kavutha."

"Na kiazi changu kilikuwa nini? Njaa si ugonjwa? Kuku wangu alikuwa mwekundu, Kasyoka. Alikuwa anataga."

Mstari mzima wa wachimbaji ulikuwa unamtazama. Angesema nini? Sheria ilikuwa yake. Akatoa inhela, kama vile mtu anavyotoa jino.

Ikapita mkono hadi mkono. Kwa kuwa walizoea ugoro, wengi waliiweka puani, wakabonyeza, wakafumba macho wakingoja kupiga chafya. Waliotazama vizuri wakaiweka mdomoni, na wakarudia, kwa sababu mara ya kwanza haikuwasha. Wanza alivuta kwa niaba ya mumewe pia, maana Mwangangi alikataa akisema Adamu hakufanya hivyo.

Dawa ikaanza kusema. Mioyo ikadunda kama ngoma, mikono ikatetemeka. Wanza akasema Roho amemshukia. Mwingine akasema ni nguvu, na kumbe hiyo ndiyo siri ya Kasyoka ya kuimba siku nzima! Wakachimba kama watu wanaofukuzwa. Kasyoka anatoa wimbo, wanaitikia kabla hajamaliza kutoa. Tuta likapinda, likazunguka jiwe lisilohitaji kuzungukwa, likarudi lilikotoka. Na vumbi, mwenzangu, vumbi likasimama juu ya shamba kama nyumba.

Kasyoka alikatika katikati ya ubeti. Alinyoosha mkono, akapewa inhela yake, akabonyeza. Ikatoa kapumzi kadogo, kama mtoto anayezima mshumaa. Akabonyeza tena. Kimya. Akapiga magoti kwenye mfereji, mabega yakipanda na kushuka, midomo ikibadilika rangi. Alitazama udongo uliochimbwa nusu na mawingu yaliyokuwa yakijikusanya, asiweze kusema hata "saidieni".

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nipisheni!" Mwangangi alikuja akiruka matuta, kichupa mkononi. Siku yake ilikuwa imefika. Akampulizia Kasyoka tundu la kulia, akampulizia la kushoto, akasimama kama mtu anayengoja kupigiwa makofi. Pua ikafunguka. Kifua kikabaki kimefungwa. Mzee alikuwa amefungua lango la boma, na nyumba bado ina kufuli. Aliliona hilo usoni mwa Kasyoka, na kichupa kikamdondoka.

"Mbebeni!" alipiga kelele. "Mnangoja kamati?"

Walifunga leso kwenye mipini ya majembe wakafanya machela, na wale wanawake waliokuwa na mioyo inayokimbia wakakimbia nayo. Linet alikuwa na sindano moja iliyobaki ya kufungua kifua. Moja, katika zahanati yenye kabati lililojaa vidonge vya kichwa. Akadunga. Benchi zima likavuta pumzi pamoja na Kasyoka, polepole, mpaka zikaanza kuingia.

Alipoweza kusema, alimtafuta Mwangangi kwa macho.

"Chairman. Pua imefunguka, asante. Sasa naisikia vizuri harufu ya kamati yako."

Kavutha alicheka huku analia, kisha akajifuta na kusimama. "Mwethya haujavunjika, umehama tu. Tukate kesi hapa hapa. Mimi ndiye nilianza, kwa sababu ya kuku. Sema, mwimbishaji."

"Sheria ilikuwa yangu na ilikuwa na shimo," alisema Kasyoka, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ugoro ni wa kugawana. Inhela si ugoro. Inhela ni jembe langu. Nani hapa huja mwethya bila jembe, akasema nipe lako nijaribu? Na huyu aliyekalia majembe ya watu, akayazuia yasije, mnamtoza nini?"

Wote wakamgeukia Mwangangi. Wanza ndiye aliyesema kwanza, na alisema bila huruma. "Aweke sahihi. Aende mwenyewe Machakos kuzichukua. Asipokuja nazo, asije."

"Na kuku," aliongeza Kavutha. "Mwekundu."

Mzee alienda. Alikaa kwenye veranda ya bohari la dawa akipiga chafya juu ya faili za watu, mpaka waliomwambia arudi wiki ijayo wakachoka naye. Alirudi na sanduku mapajani, hakumpa hata kondakta alishike. Aliingia zahanati, akamkabidhi Linet, akasema kwa sauti ndogo, "Mdomoni, sivyo? Ya kifua ni mdomoni."

Kabla ya mvua, mwethya ulirudi kwa Kasyoka. Alivuta inhela yake mbele ya kila mtu, na hakuna aliyenyoosha mkono. Ile ya kahawia alikuwa ameivuta alfajiri, akasukutua, akatema, lakini akatema kwenye shina la mpapai, ili maji yasipotee. Akatoa wimbo kwa sauti isiyokuwa ya beberu. Tuta lililopinda waliliacha lilivyo, wapitao waulize.

Mvua zikaja. Maji yakasimama kwenye mifereji, na udongo wa Kasyoka ukabaki Kalama.

Lakini sanduku lina mwisho, na kamati zina usingizi. Kwa hiyo wewe uliyekuwa unasoma kitabu cha nyimbo, kifunge. Inuka sasa, si baada ya chai. Nenda kwenye zahanati yenu ufungue kabati kwa macho yako. Ukikuta hakuna inhela, muulize mwenyekiti kwa jina lake, mbele ya watu, ziko wapi, keti kwenye veranda yake, na usiondoke mpaka aweke sahihi. Yule anayekohoa nyuma yako hana pumzi ya kuomba. Omba wewe uliye nayo.