Aliyekojoa Katikati ya Muziki

Mimi na mke wangu Hiske tunaishi ndani ya mashua, kwenye mfereji mkongwe wa Amsterdam. Kila Agosti jukwaa la muziki huelea karibu nasi, na mashua za watazamaji hujaa hata maji hayaonekani.

Mwaka huu bwana mmoja mnene alifunga mashua yake chini ya dirisha letu. Alikula samaki mbichi kwa vitunguu, mikia akiirusha kwenye maua ya Hiske.

Fidla ilipoanza wimbo wa taratibu, watu wote wakanyamaza. Yule bwana akasimama ukingoni, akafungua suruali, akakojoa mferejini. Mchirizi wake ulisikika kuliko fidla.

"We baba, huna haya?" Hiske alifoka. "Hata bata wana adabu kukushinda!"

"Funga dirisha, bibi! Maji ni ya wote!"

Akageuka kutucheka, akateleza kwenye bia iliyomwagika, akatumbukia chubwi! Aliibuka akitapika, ndevu zimejaa mwani wa kijani.

"Nisaidie, mama," akalia.

Alipojivuta tena mashuani mwake, Hiske alimrushia taulo kuukuu. "Baki nalo. Usinirudishie."

Jioni ile, kwa kinyaa, chakula kilitushinda wote wawili.