Vikohozi vya Jioni

Kituo cha kulelea watoto kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chenye madirisha matatu upande wa barabara na magodoro yaliyobanana kama mikate kwenye trei. Kila asubuhi kina mama walifika wakihema, kazini wameshachelewa, wakamkabidhi mlezi mtoto na mfuko wa nepi, na wote walikuwa na swali moja: "Mmefunga madirisha?" Mlezi, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Mkubwa, alijibu kwamba yamefungwa. Yalikuwa yamefungwa kweli, tena kwa misumari. Jambo hilo lilipitishwa kwenye kikao cha wazazi, baada ya baba mmoja kusimama na kueleza kwamba upepo ndio unaowapiga watoto vifua. Mikono yote ikanyooshwa juu, hata ya wale waliokuwa wanasinzia.

Tangu hapo hewa ikakosa pa kwenda. Vioo vilitoka jasho. Mtoto mmoja akija na mafua mwanzo wa wiki, kabla wiki haijaisha chumba kizima kilikuwa kinavuta kamasi. Ukutani kulining'inia kitambaa kimoja cha kufutia pua zote, na ikifika mchana kingeweza kusimama chenyewe.

Vikohozi vilianza kubaki msimu wa baridi uliopita. Jioni ya kwanza watoto walishachukuliwa, Mama Mkubwa akafagia, akakunja mashuka, na chumba kikaendelea kukohoa. Alidhani kuna mtoto amesahauliwa, maana yalishawahi kutokea: baba wa mapacha aliwahi kuondoka na mmoja. Akainua magodoro, akachungulia chini ya meza, hakuna mtu. Kikohozi kikavu kilitoka juu ya godoro la karibu na mlango, kingine chenye kohozi kikaitika kutoka kwenye zulia, kila kimoja pale pale mwenyewe alipozoea kulala. Akamaliza kufagia, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani. Asubuhi, kila mtoto alipoingia kikohozi chake kilimrudia mlangoni, akakohoa, akavua viatu.

Kimoja tu hakikuwa na wa kumrudia. Kilikuwa cha Kibabu, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alitembea mikono nyuma kama mzee anayekagua ujenzi. Kibabu alibanwa kifua msimu huo huo, akalazwa, na hospitalini hakutoka mzima. Kikohozi chake kilibaki kwenye kona ya dirishani, mchana na jioni: kifupi, kifupi, kirefu, kisha mluzi mdogo pumzi inapoingia. Wenzake walimzoea. Wakikaa duara walimwachia nafasi, na anayeikalia alisukumwa.

Fundi alipopata habari hakuuliza inawezekanaje. Alifunga kibanda chake, akaja, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni, akasikiliza. Basi ikawa ndiyo desturi yake. Kila jioni alikuja na kazi ya mkononi, akashona pindo za watu huku kona ikikohoa, naye akikijibu kila kikohozi: "Pole, baba." Mara nyingine alicheka kabisa, kwa sababu Kibabu alikuwa bado na ile tabia yake ya kukohoa mtu anapoanza kusema jambo la maana. Mama Mkubwa alimpenda fundi, na alimwachia ufunguo.

Baridi ya mwaka huu ilipoanza, bwana afya alikuja kukagua. Alifika jioni, watoto hawapo, akamkuta Mama Mkubwa na fundi pamoja na mwenye kituo, mwajiri wa Mama Mkubwa. Alisimama katikati ya chumba, akatazama vioo, akakishika kitambaa cha ukutani kwa ncha za vidole viwili, akavisikiliza vikohozi vikipokezana huku na huku.

"Hewa imelala humu," alisema. "Nimeikuta na kwingine."

Akawaeleza bila ukali. Madirisha yafunguliwe hata kukiwa na baridi, watoto wavalishwe masweta. Mikono ioshwe kwa sabuni, ya walezi kwanza. Kila mtoto awe na kitambaa chake, magodoro yaachane, chanjo zisirukwe, na mwenye homa na kifua abaki nyumbani mpaka apate nafuu. Kisha akatazama juu. "Mkifungua, na vikohozi hivi vitatoka."

"Vyote?" aliuliza fundi kutoka kwenye kiti chake.

"Havichagui, mama."

Mwenye kituo alikubali sabuni. Vitambaa fundi alivishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki kwenye mashine, kila kimoja na alama yake, huyu samaki, huyu nyota, huyu kiatu. Na kimoja cha ziada, chenye mkongojo, akakitundika dirishani. Magodoro yasingeweza kuachana kwa sababu chumba hakikuongezeka. Na madirisha, alisema mwenye kituo, hata tusiyaongelee. "Wazazi watanihama wote waende kwa yule wa ng'ambo ya barabara. Yule kaziba mpaka tundu la kitasa."

Kuhusu mgonjwa kubaki nyumbani, binti yake Mama Mkubwa alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Alikuwa anafungasha sabuni kiwandani, na alikuwa na mtoto wa kike ambaye bado anatambaa, waliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi chini ya jicho lake. "Nibaki na mtoto? Mama, msimamizi wetu anahesabu mpaka chafya. Nikikosa zamu moja, nimekosa kazi. Na wewe ukibaki naye, hao wengine watabaki na nani?"

Kidoti alikuwa ameanza kukohoa. Alilala godoro la kando ya kabati, na alikohoa taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya wakwe. Mama Mkubwa, ambaye hakuwa mwoga wa mvua wala wa mwenye nyumba, aliogopa. Akaazima koleo kutoka duka la mbele, akalitia mfukoni mwa aproni, akamngoja fundi.

"Naondoa misumari," alimwambia. "Iwe kwa siri, iwe kwa ugomvi. Nina mjukuu humu."

Fundi aliacha kushona. "Ukifungua, Kibabu ataenda wapi? Huko nje hajui njia."

Mama Mkubwa alilitoa koleo mfukoni, akaligeuzageuza mkononi.

"Mimi kwake nimebakiwa na kikohozi tu," alisema fundi. "Sauti yake nyingine nimeshaanza kuisahau. Nipe mpaka Ijumaa, dada yangu. Nimuage vizuri."

Kona ikakohoa. Wote wawili wakasema pole kwa pamoja, na Mama Mkubwa akalirudisha koleo mfukoni. Ijumaa haikuwa mbali, alijiambia.

Alhamisi mchana Kidoti alikataa maziwa. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na midomo ilibadilika rangi. Mama Mkubwa alimwita binti yake kiwandani. Mara ya kwanza simu haikupitishwa, mara ya pili ikapitishwa. Binti akaja mbio na ovaroli lake, akamchukua mtoto, wakaenda hospitali. Watoto wengine walilala usingizi wao wa mchana kama kawaida.

Ijumaa jioni fundi alimkuta Mama Mkubwa amesimama juu ya kiti mbele ya dirisha, koleo mkononi.

"Nimeshamuaga," alisema fundi. Macho yalikuwa yamevimba. "Fungua tu."

Msumari wa kwanza ulitoka kwa kelele. Wa pili ulikuwa na kutu. Mama Mkubwa alikuwa bado anauvuta, mara kando ya kabati pakakohoa, taratibu, mara mbili. Akageuka. Godoro lilikuwa tupu, shuka limekunjwa.

"Yuko hospitali, ndiyo maana," alimwambia fundi. "Hajaja kukichukua."

"Ndiyo," alisema fundi, na akainamisha kichwa.

Binti aliingia bila kubisha. Alikuwa amevaa ovaroli lile lile la jana, na mkononi ameshika kisweta cha mtoto. "Mama," alisema. "Mtoto hatunaye."

Mama Mkubwa alishuka kwenye kiti. Alilia kwa sauti, akamlaumu msimamizi wa kiwanda, akailaumu Ijumaa, akajilaumu yeye na mikono yake, na binti yake akamshika mabega mpaka sauti ikamwishia. Hapo ndipo binti aliposikia kando ya kabati. Akaenda, akapiga magoti mbele ya godoro, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Kwenye ufa wa dirisha, pale msumari ulipotoka, upepo mwembamba ulikuwa unaingia, na kila ulipoingia kikohozi kilififia kidogo.

"Mama, pana upepo," alisema binti.

Mama Mkubwa alipanda tena juu ya kiti. Akaurudisha msumari wa kwanza, akaugonga kwa kitako cha koleo mpaka ukazama, akaugonga na wa pili. Fundi akampasia magazeti ya kuzibia ufa. Walipomaliza, fundi alivuta viti vingine viwili vya watoto, na wote watatu wakakaa.

Jumatatu aliletwa mtoto mgeni, wa kiume, pua inatiririka. Mama yake alikuwa na zamu, na tayari alikuwa anaangalia saa. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa godoro la kando ya kabati. Mtoto alilazwa hapo akakohoa, na hapo hapo, karibu na sikio lake, pakakohoa tena taratibu. Akageuza kichwa, akatabasamu. Mama Mkubwa akawafunika wote wawili kwa shuka moja.