Mzigo wa Mzee Mizani

Haki ya Mungu haya ni kweli tupu, na mjusi wa darini anaweza kutoa ushahidi.

Mzee Mizani alikuwa amekwama ghorofa ya tatu, wiki ya saba sasa. Mifupa ya kiuno chake ilikuwa imeunganishwa kwa skrubu sita, na mkanda mgumu ulimbana toka mbavuni hadi nyongani, hata kukohoa akaona aombe ruhusa. Mbao za dari alizihesabu mpaka zikaanza kumhesabu yeye. Mjusi alishamjua kwa ukoo, babu hadi kitukuu.

Daktari hakumung'unya maneno. Kilo mia na kumi na nane zingezivuta skrubu kabla mfupa haujashikana; zikilegea, anarudi kupasuliwa. Asiguse ngazi mpaka ashuke chini ya mia na kumi. Kila Jumamosi apimwe nyumbani, mkewe atume namba kwa simu.

Jumamosi hiyo mizani ilisema mia na tisa. Mzee akauliza viatu vyake viko wapi.

Mkewe alishika simu, ila hakutuma. Kwa miaka thelathini mumewe alikuwa karani wa mizani ya malori, na hakuna dereva aliyempiga chenga. Wapo walioacha tairi moja nje ya bamba la kupimia, akainama akaliona. Yupo, mzee aliapa, aliyejaza maputo kwenye bodi ili lori liwe jepesi. Visa hivyo mama alivisikia mpaka akaviota.

Basi akatazama chini: miguu yote miwili ilikuwa juu ya bamba. Akatazama juu. Kiganja cha kulia kilikuwa kimelalia fremu ya kutembelea, kama kimejisahau.

“Baba watoto, tairi moja iko nje.”

“Nimejishikiza tu nisianguke.”

“Na wale madereva hawakukosa sababu. Ulikuwa unawaambiaje?”

Mzee aliwaza ngazi, mlango wa chini, benchi la kinyozi. Kisha akauinua mkono. Mshale ukapanda hadi mia na kumi na saba. Wiki saba, kilo moja.

“Washushe mzigo,” akasema taratibu. “Palepale.”

Mkewe akakinga mikono. Mzee akaingiza mkono ndani ya foronya, akatoa pakiti nne za biskuti walizomletea wageni waliokuja kumjulia hali.

Mikono ya mama haikushuka.

Akatoa na zile mbili za chini ya godoro.