W ya Baba

Baba alipokufa, mimi na kaka yangu Fidencio tuligawana karakana yake ya kuchapa mabango. Mimi nilichukua mashine kubwa, yeye akachukua mbili ndogo. Herufi za mbao tulizimwaga sakafuni tukazigawa moja moja, hii yako, hii yangu. Lugha yetu, Kihispania, inakula A na E kama ng'ombe anavyokula majani, kwa hiyo hizo zilikuwa tele. K na W ni za nadra kwetu: K zilikuwa mbili, kila mtu akapata yake. W ilikuwa moja tu.

Hapo ndipo Fidencio aliponiambia kwamba nilikuwa nangoja mzee afe. Nikamjibu neno nisilotaka kuliandika. Ni miaka kumi na moja sasa hatujala Krismasi pamoja, na karakana zetu zinatazamana katika mtaa mmoja hapa Tulancingo, Meksiko.

Lakini W ilibaki ya wote. Akija mteja mwenye jina la W, asiyekuwa nayo huvuka barabara kuiomba. Wateja wenyewe ni wachache: Wenceslao wa bucha, Wulfrano mpiga kodiani, mwanamieleka mmoja au wawili. Ukivuka unapewa kahawa, maana W lazima itafutwe, isafishwe wino, ifungwe kwenye gazeti. Nusu saa hivi, mara nne au tano kwa mwaka. Huo ndio undugu wote tuliobaki nao.

Jumanne moja ya Septemba nilikuwa nachapa bango la dansi la Wulfrano. Nilisahau spana juu ya herufi. Silinda ikapita, nikasikia ta! W ikapasuka katikati.

Nilikaa juu ya debe la wino nikaitazama. Seremala angeweza kunichongea nyingine. Lakini mimi nikiwa na yangu, na Fidencio akiwa na yake, nani atavuka tena barabara?

Nikavifunga vipande vyake kwenye gazeti, nikavuka.

"Umefuata nini? W unayo wewe," Fidencio alisema bila kuinua kichwa.

"Nimeivunja."

Akafungua gazeti. "Uliipiga nyundo?"

"Spana."

"Miaka arobaini kwenye mashine bado unaacha spana! Baba alikuwa anakuzaba makofi kwa hilo hilo."

"Na wewe alikuzaba kwa kulala juu ya karatasi. Nisaidie, mabango yanatakiwa Ijumaa."

"Geuza M."

"M za baba ukizigeuza zinaonekana zimelewa."

Akacheka, kisha akajizuia.

Shemeji Eduviges, mke wake, akatoka jikoni na vikombe. "Fidencio, acha kumtesa mdogo wako. Mpe moja ya zile."

"Zile zipi, shemeji?" nikauliza.

"Eduviges, nyamaza!"

Hakunyamaza. Akavuta droo ya chini kabisa. Ndani zilikuwa W tatu za ukubwa uleule, safi, hazijawahi kuguswa na wino.

"Alizinunua Pachuca, karakana fulani ilipokuwa inafungwa," akasema. "Miaka tisa iliyopita."

Nikamgeukia kaka yangu. "Mwezi wa tano ulikuja kwangu umelowa mvua mpaka soksi, ukasema huna W!"

Fidencio alikuwa anapekua mifuko ya aproni yake, anatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Kahawa yako ni mbaya," akasema mwishowe. "Lakini nimeizoea."

Ningefungua mdomo ningelia, na mimi nikilia sura yangu haitazamiki. Nikanyoosha mkono nichukue W moja kwenye droo. Akaifunga droo kwa goti, nusura anibane vidole.

"Hizo ziache zilale."

Akachukua gundi, akavipaka vile vipande viwili, akavibana kwa jiliwa polepole kama anayefunga mfupa wa mtoto.

"Itakauka kesho mchana. Njoo uichukue. Eduviges anapika supu ya pozole." Akafuta gundi kwenye vidole. "Njoo na mkeo. Chungu ni kikubwa."

Ijumaa mabango yalikuwa tayari. Wulfrano aliuliza kwa nini jina lake lina mstari mweupe kwenye W. Nikamwambia ndio mtindo wa karakana yetu.