Turubai la Lori

Fanuel Mutuma hakuwa na chumba. Hakuwa na anwani ya kujaza kwenye fomu, wala mlango wa kufunga kwa ndani, wala mahali pa kuanika soksi. Hakuwa na mke. Alimzika kwao Meru miaka tisa iliyopita. Hakuwa na kazi tangu mzee mmoja Mwingereza, ambaye Fanuel alimtunza akiishi nyumbani kwake, alipofariki na watoto wake wakaiuza nyumba. Na Oktoba hiyo, jambo lililomnyima usingizi kuliko hayo yote, hakuwa na turubai la maana.

Bembea ya kulalia alikuwa nayo, ile ya kitambaa cha nailoni inayofungwa kwenye miti miwili. Alikwisha kujifunza kuilalia kwa mshazari ili mgongo unyooke, na kwa umri wake wa miaka sitini na tatu aliona ni afadhali kuning'inia juu ya matope kuliko kulala ndani yake. Kijisitu chenyewe kilikuwa nyuma ya reli, vituo vinne vya basi kutoka Lewisham, jijini Landani. Kila Jumapili alinyoa ndevu kwenye choo cha maktaba, akavaa suti, akaenda kanisani, na hakuna aliyejua.

Aliyejua ni Alexis peke yake. Alexis alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwenye miaka arobaini na minne. Alipopewa karatasi za kuishi nchini aliambiwa atoke kwenye nyumba ya wakimbizi, na manispaa ikamwambia kwamba mwanamume asiye na watoto husubiri. Walijuana baada ya ibada, wakati wa chai, maana wao wawili tu ndio hawakuwa na haraka ya kwenda popote. Fanuel alitazama viatu vya mwenzake vilivyong'arishwa vizuri, akaona matope kwenye mshono wa soli. Akatazama vyake. Juma hilo wakawa wanalala miti ileile, ubavu kwa ubavu.

Alexis alikuwa na pafu moja tu la kutegemea. La pili liliharibiwa na kifua kikuu zamani, kambini. Daktari alimweleza waziwazi kwamba akilala penye unyevu majira hayo ya baridi, huenda asiyamalize. Shirika moja la hisani lilikuwa limemwahidi chumba katikati ya Januari. Kazi yao ilikuwa moja basi: Alexis abaki mkavu mpaka Januari.

Plastiki ya buluu waliyoanza nayo haikumaliza mwezi. Upepo uling'oa vipete vyake vya bati vya kupitishia kamba kimoja baada ya kingine, na usiku wa tatu wa mvua ikapasuka katikati. Alexis akasema kwamba kambini aliishi miaka tisa chini ya shitingi, yale maplastiki meupe ya wakimbizi, na siri yake ni kuacha pande mbili wazi na kuifunga juu, mbali na mwili. Fanuel alimsikiliza akitabasamu, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtoto akieleza habari za injini. Yeye alikuwa utingo wa malori miaka sita na dereva miaka kumi na mmoja, Mombasa hadi Kampala. Shehena ya sukari haikuwahi kulowa mikononi mwake, hata gunia moja.

“Turubai niachie mimi,” akasema.

Akafunga safari mpaka Kingsbury, upande wa pili wa Landani, kwa Kanti, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Nakuru na aliyekuwa akiuza vifaa vya ujenzi hapo Kingsbury tangu zamani. Angeweza kununua Lewisham, lakini alitaka mtu anayejua turubai ni nini. Kanti akamtandikia mawili mezani. La kwanza lilikuwa la poliesta, jepesi kama koti la mvua, vitanzi vyake vimeshonwa mara mbili pembeni. La pili lilikuwa turubai zito la lori, lililotumika kidogo, lililopakwa plastiki pande zote. Bei zilikaribiana. Fanuel akalipima la kwanza kwa kiganja, akalirudisha. Akalinusa la pili, akalikunja pembe kuona kama linavunjika, akalipiga kofi.

“Bwana Fanuel, unafunika watu au mahindi?” Kanti akamuuliza.

“Nilifunga turubai mpaka Malaba kabla wewe hujaota ndevu.”

“Mimi nina miaka sabini na mbili, bwana. Ndevu zangu zilikuwepo kabla ya hiyo barabara.” Wakacheka wote. Kisha Kanti akauliza, safari hii bila mzaha: “Hao watu watalala humo siku ngapi?”

Fanuel akahisi uso ukimwaka. Alikuwa amesema ni la marafiki wanaopenda kupiga kambi.

“Mbili,” akajibu. “Wikendi tu.”

Kanti akainua mabega. Kwa siku mbili, akasema, chukua lolote unalopenda. Kama wangekaa majuma angekuwa na neno la kumwambia. Fanuel alisikia, akalipa. Akalibeba lile zito begani, kilo kumi na nane, kutoka treni hadi treni, na watu wakampisha.

Alilifunga kama alivyofundishwa ujanani. Kamba ya juu ikakazwa mpaka ikalia, mipira ya kufungia ikavutwa hadi chini kabisa, ncha mbili zikakunjwa na kubanwa upepo usipate pa kuingilia. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, haikupita hata tone. Alexis alilala kwenye bembea yake akaimba nyimbo za kwao, na Fanuel akajiona tena mtu mwenye kazi yake.

Baada ya siku kumi mablanketi yakaanza kuwa mazito. Fanuel akatafuta tundu. Alipitisha vidole kila mshono, akabandika viraka pasipohitaji kiraka, akazika ukingo wa turubai kwa udongo. Unyevu ukazidi. Asubuhi moja Alexis akaupangusa upande wa ndani, akamwonyesha kiganja kilicholowa.

“Papa, mvua haikunyesha jana. Hii maji inatoka wapi?”

“Turubai hili halina tundu hata la sindano,” Fanuel akasema.

Alexis akafuta kiganja kwenye blanketi. Alikuwa amemwita papa, yaani baba, tangu siku ya kwanza, na kwao mtu hamwiti mwingine papa kisha akashindana naye. Lakini Fanuel aliporudi kutoka kwenye foleni ya chakula alikuta ncha moja imefunguliwa na kuinuliwa kwa kijiti, upepo unapita. Akakitupa kijiti, akaifunga upya. Akamgombeza Alexis kwamba anajitafutia kifo kwa mikono yake mwenyewe. Alexis akaomba radhi, na hakugusa tena.

Katikati ya Desemba kikohozi kilibadilika sauti. Siku Alexis aliposhindwa kushuka kwenye bembea, Fanuel alikimbia barabarani akaomba simu kwa mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa. Ambulensi ikaja, na Alexis akalazwa.

Zikafuata siku nne za jua na baridi kali, bila wingu. Asubuhi ya nne Fanuel aliamka peke yake chini ya turubai, tone likamdondokea kwenye kope. Akatoka. Nje, turubai lilikuwa limefunikwa jalidi nyeupe, kavu kama unga. Akarudi ndani, maji yalikuwa yakitiririka kama kwenye ukuta wa bafu. Akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. Miaka kumi na saba alifunika sukari, simenti na mbolea, vitu visivyovuta pumzi. Watu wawili walikuwa wamepumua humo kila usiku, na pumzi yao haikuwa na pa kutokea. Iligeuka maji huko juu ikawarudia, na yule mwenye pafu moja akalala katika maji ya kifua chake mwenyewe.

Akaenda hospitali kumwambia. Alexis alikuwa na barakoa ya oksijeni, akainua vidole viwili kumsalimu. Fanuel akashika vile vidole. Akazungumza habari za chumba cha Januari, dirisha lake lingetazama wapi, wangenunua birika gani. Yale yaliyomleta hakuyasema. Siku tano baadaye Alexis akafa.

Dada yake, Léocadie, anayesafisha shule huko Sheffield, alikuja kuzika. Kanisa lilijaa. Ilikuwa imejulikana sasa kwamba wawili hao walilala msituni, na Fanuel, aliyekuwa akiogopa siku hiyo kuliko ugonjwa, aliwekwa kiti cha mbele kati ya wafiwa. Mchungaji akamsimamisha watu wamwone. Léocadie akamshika mikono yote miwili.

“Papa Fanuel,” akasema, “ulimfunika kaka yangu wakati sisi wa damu yake hatukujua yuko wapi. Mungu akufunike.”

Watu wakasema amina. Naye Fanuel, mwenye ulimi mwepesi siku zote, akainamisha kichwa akazipokea shukrani hizo. Watu wakaona ni unyenyekevu.

Familia moja ya kanisani ikampa chumba kidogo. Chumba kilikuwa kikavu, na hakulala. Jumatatu ya pili akaenda maktaba ya Lewisham, akaketi karibu na dirisha akaandika. Karatasi ya kwanza ilisema habari za baridi ya mwaka huo, akaichana. Ya pili ilieleza turubai kwa kirefu, aina zake na ubora wake, akaichana pia. Ya tatu ilikuwa fupi.

“Dada Léocadie,” aliandika, “ulinishukuru mbele ya watu kwa jambo ambalo sikulifanya. Kaka yako alijua namna ya kujikinga. Alinieleza kwa mdomo, akaniuliza maji yanatoka wapi, kisha akanionyesha kwa kitendo. Nilimkataza kwa sababu nilijiona najua. Muuzaji pia angeniambia, lakini nilimdanganya kwa kuona haya. Nilipogundua, kaka yako alikuwa bado hai, na sikumwambia. Sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa sababu yeye alikuwa sahihi, na hakuna mwingine anayejua.”

Akaweka jina lake kamili, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima akaandika anwani ya kurudishia jibu. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya bahasha, akailamba gundi na kuibana kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha. Akavuka barabara hadi kwenye sanduku jekundu la posta, akaisukuma ndani mpaka akaisikia ikianguka.