Mzima, Namshukuru Mungu

Jumanne, tarehe 15 Machi 2022, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Eliezer Pabón alishuka kwenye gari la mkewe akiwa amenyoa ndevu, na shati lake limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Nilikuwa nimemwambia aje kama anavyokaa nyumbani.

"Usinitazame mimi, Don Efraín," alisema Migdalia, mkewe. "Yuko na hiyo pasi tangu saa tisa usiku. Ningesogea karibu angeninyoosha na mimi."

Nimewasimamia wanajeshi wastaafu wa mji wetu wa Adjuntas katika rufaa zao kwa miaka kumi na tisa, katika chumba cha nyuma cha jengo la manispaa. Eliezer aliendesha malori Iraki mwaka 2004 na 2005, katika kikosi cha vijana wa kisiwa hiki. Tangu arudi halali kitandani. Hukaa usiku kucha ndani ya gari uani, uso umeelekea geti. Mwaka 2016 alikata mlango wa jirani kwa panga, akisema kuna mtu ndani anamwita kwa redio. Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kwenda kiwanda cha dawa, Migdalia hufunga mapanga matatu na visu vya jikoni ndani ya taulo na kuviweka kwenye buti ya gari. Anaondoka navyo saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni Eliezer yuko peke yake.

Ofisi ya mafao ingekubali kwamba ugonjwa ule ni mzito na umetokana na vita, Migdalia angetambuliwa kuwa mlezi wake kwa malipo, aache kiwanda akae naye. Walikuwa wamekataliwa mara tatu. Mara zote tatu hukumu ilisimama juu ya mstari uleule. Daktari wa ofisi alimuuliza Eliezer yukoje, naye akajibu, "Mzima, namshukuru Mungu." Hapa kwetu kila mtu hujibu hivyo. Shangazi yangu alijibu hivyo saa nne na nusu ya siku aliyokufa, nikiwepo. Madaktari waliliandika kama matokeo ya uchunguzi.

Kwa hiyo nilimfundisha kwa wiki tatu.

"Ukoje, Eliezer?"

"Mzima, namshukuru Mungu."

"Hapana. Tena. Ukoje?"

"Mzima, namsh— Don Efraín, na jeshini ulikuwa msumbufu hivi?"

"Zaidi."

"Ndiyo maana ukastaafu sajini."

Alicheka, kisha akaacha. Alisema neno nililotaka, "vibaya", hawezi kulitamka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Si adabu." Niliandika hivyo kwenye daftari: adabu. Sikuuliza mara ya pili.

Hakimu wa rufaa alitokea kwenye skrini saa tatu kamili, mkalimani akiwa kwenye simu. Alikuwa mtu wa heshima. Alianza kwa kusalimia.

"Bwana Pabón, ukoje asubuhi hii?"

Eliezer alimtazama Migdalia.

"Vibaya," alisema.

Shati lililowa mgongoni palepale. Dakika arobaini zilizobaki zilikwenda vizuri. Alieleza habari za gari, geti, na mlango wa jirani. Tulipotoka niliwanunulia kahawa. Yake hakuigusa, na mimi nilidhani amechoka.

Kesho yake, saa kumi na moja kasoro ishirini alfajiri, Migdalia alinipigia simu. Eliezer alikuwa amefunga geti kwa mnyororo. Nilifika baada ya nusu saa. Alikuwa amesimama mbele ya geti na shati lilelile. Migdalia alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma.

"Fungua, Eliezer. Mkeo amechelewa kazini."

"Haendi."

"Kwa nini?"

"Uliniambia niseme vibaya. Nimesema. Sasa haendi."

"Mwambie ukweli mzee wa watu," Migdalia alipiga kelele kupitia dirishani, "au mwambie alete godoro, maana leo tunalala hapa!"

Eliezer hakugeuka. Alizungumza kama anayesoma orodha.

"Kabla ya kutoka kambini, luteni alikuwa anatuuliza kwa redio, lori kwa lori. Ukoje? Mzima, namshukuru Mungu. Lori la pili, ukoje? Mzima, namshukuru Mungu. Tarehe kumi na tisa Januari, Nazario akajibu, vibaya, tumbo. Alikuwa amekula maharage. Tulicheka mpaka getini. Kilomita sita, Don Efraín. Halafu lori lake halikuwepo."

"Hili hukuniambia."

"Uliniuliza kuhusu adabu."

"Adabu ulisema wewe."

"Basi tuseme mimi."

Migdalia alizima injini.

"Miaka kumi na saba namuuliza ukoje, ananijibu mzima, hapa getini," alisema. "Mimi nilidhani ananiaga."

Geti lilikaa limefungwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Eliezer alitoa mnyororo mwenyewe, lakini barua ya kiwanda ya kumwachisha Migdalia kazi ilikuwa imeshafika.

Niliandika habari ya Nazario katika kurasa nne na kuipeleka kwa hakimu ndani ya siku tisini, muda ambao jalada huachwa wazi. Kumbukumbu za kikosi zilithibitisha kwamba Nazario Feliú alikufa tarehe 19 Januari 2005, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Jibu lake kwenye redio halikuandikwa popote. Luteni alifariki mwaka 2014. Niliwapata madereva wawili: mmoja alikumbuka kicheko, hakukumbuka sababu, mwingine alikata simu.

Uamuzi ulitolewa tarehe 9 Mei 2023. Una kurasa tisa. Kifo cha Nazario umekikubali. Ukurasa wa saba unasema kwamba jibu la mlalamikaji mbele ya hakimu linapingana na majibu aliyowapa madaktari watatu; kwamba yale ya awali yanakubaliana yote na kwa hiyo yana uzito zaidi; na kwamba maelezo kuhusu redio yalijitokeza kwa mara ya kwanza siku moja baada ya kusikilizwa kwa shauri. Rufaa imekataliwa.

Niliwapelekea uamuzi huo tarehe 11 Mei alfajiri, kabla Migdalia hajaondoka. Wakati huo alikuwa ameanza kazi kwenye duka la mikate. Alisoma kwa taa ya ndani ya gari, akarudi ukurasa wa saba, akausoma tena.

"Huu umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Ni neno lako hili, Don Efraín. Wewe ndiye mwalimu."

Nilimwambia kwamba tuna mwaka mmoja wa kuwasilisha ushahidi mpya.

"Upi?" aliuliza.

Alifungua buti, akaweka taulo lenye mapanga, akaifunga. Eliezer alikuja kutoa mnyororo, ambao bado aliufunga getini kila usiku. Migdalia alisogeza gari mpaka getini, akashusha kioo.

"Ukoje?"

"Mzima, namshukuru Mungu."

Aliondoka saa kumi na moja kasoro dakika tisa.