Hamsini na Nane

Mwaka 2016, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakiingia Kigoma kila wiki, Edina Bukeyeneza alikaa mapokezi katika ofisi ya shirika moja la misaada pale mjini. Kwa mkataba, kazi yake ilikuwa kupokea wageni na simu. Aliyoifanya hasa ilikuwa nyingine. Printa ikigoma, anaitwa Edina. Mtandao ukikatika, Edina. Mhasibu akisahau nywila yake, na aliisahau kila Jumatatu, anakuja mapokezi ameinamisha kichwa kama mtu anayekwenda kuungama.

Hakusomea popote. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972, wakalima miaka mingi, mwisho wakapewa uraia. Yeye kompyuta alijifunzia Ujiji, kwenye duka la kaka yake la kuchapa barua, ambako mashine ikiharibika hapakuwa na mwingine wa kuitazama.

Basi shirika likatangaza nafasi ya msaidizi wa kompyuta. Edina akaandika barua, akampelekea meneja, Mzee Telesphory, mtu wa Bukoba mwenye mihuri minne mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Cheti kiko wapi?"

"Sina cheti, mzee. Lakini hiyo kompyuta yako jana..."

"Jana ulinisaidia sana, Mungu akubariki. Cheti kiko wapi?"

Akampa wiki tatu awe amekipata.

Mtaa wa Mwanga, pale pale mjini, nyuma ya mafundi cherehani, palikuwa na chuo kidogo cha Mwalimu Hamdani. Mtu aliruhusiwa kufanya mtihani bila kuhudhuria masomo. Edina akajiandikisha.

Jumamosi ya mtihani walifika watu kumi na mmoja. Kompyuta zilikuwa kumi na mbili na zote zilikataa. Tano hazikuwaka kabisa. Saba ziliwaka, zikaandika: *Muda wa mtihani haujafika.* Mwalimu Hamdani akatazama saa yake ya mkononi, akatazama skrini, akatazama tena saa, jasho likaanza kumtoka.

Edina akaingia chini ya meza. Aliyefagia alikuwa amechomoa waya wa zile tano. Zile saba, betri ndogo ya saa iliyomo ndani ilikuwa imekufa, kwa hiyo zilidhani bado ni mwaka 2002. Akazirekebisha tarehe moja moja. Kumaliza, akaona mtandao nao haupo. Akapanda juu ya kiti, akahangaika na kile kisanduku cha ukutani mpaka taa zake zikarudi. Mwalimu akamshukuru mbele ya wote, kisha akamwambia akae, mtihani unaanza.

Swali la kwanza: *Mtumiaji analalamika kwamba kompyuta yake haiwaki. Hatua ya kwanza ni ipi?* Edina akachagua: kuangalia waya. Akaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Majibu yalitoka papo hapo. Edina alipata hamsini na nane. Kufaulu ni sitini.

"Swali la kwanza nimekosaje, Mwalimu?"

"Hatua ya kwanza ni kumsalimu mtumiaji na kujaza fomu ya tatizo. Iko sura ya pili ya kitabu cha mtihani."

"Mwalimu, asubuhi hii nimetengeneza kompyuta kumi na mbili. Sikujaza fomu hata moja."

"Ndiyo maana umefeli," Mwalimu akasema kwa huzuni ya kweli. "Ningekuongezea hizo mbili, wallahi. Lakini alama zimeshakwenda kwa mtandao makao makuu ya wanaotoa cheti."

Nyumbani, mama yake aliacha kupembua maharage. "Mana yanje! Mungu wangu! Mtandao umewatengenezea wewe, halafu wakautumia kukufelisha?"

Edina aliingia chumbani, akalala na viatu.

Nafasi ile aliipata Nickson, kijana wa Kalinzi aliyekaa kiti cha pembeni siku ile ya mtihani. Alipata tisini na tatu. Hakuwa na kompyuta. Alikikariri kitabu kizima kwenye nakala za fotokopi, akitembea katikati ya migomba huku akijiuliza na kujijibu kwa sauti.

Siku yake ya kwanza, printa ya Mzee Telesphory ikakwama. Nickson akamsalimu mzee vizuri, akatoa fomu, akaijaza kwa mwandiko safi, akaomba sahihi. Mzee alifurahi sana. Akaigonga muhuri. Wakakaa wakitazamana. Ilipofika saa sita, printa bado imekwama na fomu ziko tatu, Nickson akashuka mapokezi.

"Dada Edina," alinong'ona, "nimekwisha."

Edina alikuwa amejiapiza kutomsaidia. Lakini aliziona zile fomu tatu mkononi mwake, zote zimegongwa muhuri. Akapanda naye, akafungua printa kwa nyuma, akavuta polepole. Akatoka mjusi, mzima, akakimbilia chini ya kabati. Mzee akapanda juu ya kiti.

"Kitabu hakina sura ya mijusi," Nickson alisema.

Jioni alimfuata getini. "Tubadilishane, dada. Wewe nifundishe kompyuta, mimi nikufundishe mtihani."

Wakawa wanakutana kila mchana wakati wa chakula. Nickson alijifunza kufungua mashine bila kufumba macho. Edina alipata taabu zaidi.

"Usijibu unachokijua," Nickson alimkanya. "Jibu wanachokitaka."

"Lakini si kweli!"

"Nani kakuuliza kama ni kweli?"

Mwezi wa nne Edina akarudia, akapata sabini na sita. Mama akakitandika cheti kitandani na kuwaita majirani. Wiki sita baadaye shirika jingine likatafuta mtu wa kompyuta kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi kando ya ziwa. Aliyemsaili alikiangalia kile cheti muda wa kupiga chafya, akakiweka pembeni, akamwonyesha rundo la kompyuta mbovu. Kufika alasiri, nne zilikuwa zinafanya kazi, na kazi alikuwa nayo.

"Kwa hiyo cheti hakikuwa na maana," Nickson alisema siku ya kuagana, macho yakiwa mekundu.

"Bila hicho nisingefika kwenye rundo," Edina akamjibu.

Wiki yake ya kwanza kituoni, alimkuta bibi mmoja, Honorata Ntakarutimana, amekataa kuinuka mbele ya meza ya kuandikisha. Foleni ilikuwa imefika nje. Mfumo ulipokea herufi kumi na mbili tu, na jina la bibi lina kumi na tatu. Karani aliikata ya mwisho.

"Jina langu linasema hakuna kinachompita Mungu," bibi alimwambia Edina kwa Kirundi. "Huyu mtoto amemkata Mungu mkia."

Karani akasema herufi moja si kitu. Edina akapiga simu makao makuu. Wakamwambia haiwezekani. Akapiga tena. Wakamwambia labda mwezi ujao. Safari ya tano wakachoka naye, wakamruhusu abadilishe mwenyewe. Akapanua nafasi mpaka herufi thelathini, akaigeuza skrini upande wa bibi.

Bibi alisogeza kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi, mpaka ile ya mwisho. Akaitikia kwa kichwa, akainuka.

"Vizuri. Sasa nikamwite mzee wangu, yuko kwenye foleni. La kwake ndilo refu."